Mji Uliosahau Kuita

Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazee wetu wa Sibwesa, ndugu wageni waalikwa mliokula vumbi kutoka Mpanda mjini, wanafunzi mliotulia leo kuliko kawaida yenu, na wewe, Mwalimu Obadia, mwenye siku yako: nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Nyanzala, binti wa marehemu Mzee Mabula, na ndiye afisa mifugo wa kata hii. Nimepewa dakika tano nimsifu mwalimu anayestaafu. Nyie mnanijua, dakika tano kwangu ni salamu tu.

Mwaka 1999, tukiwa darasa la sita, Mwalimu alitusomea hadithi aliyoitunga mwenyewe katika daftari lililoliwa na mchwa. Ilihusu mji wa miaka ijayo, ambao watu wake walikuwa wameikabidhi mashine kila kitu: iwaamshe, iwapikie, iwakumbukie hata majina ya watoto wao. Siku mashine ilipozima, mama mmoja alisimama mbele ya watoto mia akashindwa kumwita wake kwa jina. Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mashine gani hiyo, wakati shule nzima ina redio moja, nayo mbovu? Mwalimu hakukasirika. Alisema tu, "Chekeni, wanangu. Mimi sikuandika ya leo."

Basi nikakua, nikasoma, nikarudi na hereni za kielektroniki za mifugo na kishikwambi. Kila ng'ombe na namba yake. Baba, macho yakiwa yameanza kufifia, aliniomba nikae naye anifundishe majina ya ng'ombe wetu: huyu Sikonge, kwa sababu bibi yake alizaliwa Sikonge tulipokuwa tunahama kutoka Meatu, yule Inyonga, vivyo hivyo. Nikamjibu kwa kiburi cha msomi kwamba wote wamo humu, nikagonga kishikwambi kwa kidole. Naona aibu kulisema, lakini nalisema.

Mwaka juzi, kiangazi, mifugo yetu na ya Mzee Malale ilichanganyika ikitoka josho. Nikatoa kishikwambi, chaji imekwisha. Namba masikioni naziona, lakini ipi ni ya nani, hiyo imo ndani ya kitu kilichozima. Vijana wa pande zote mbili wameshashika fimbo, wanagombea mtamba mmoja. Baba, ambaye kufikia hapo alikuwa haoni kabisa, akaomba ashikwe mkono apelekwe katikati ya kundi. Akaanza kuita, jina baada ya jina, kama mtu anayewaita wajukuu waje kula. Walikuja. Yule mtamba hakuja, na baba akasema basi huyo ni wa Malale, apewe. Fimbo zikashuka.

Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Nikiondoka mimi, nani atawaita?"

Nilimkimbilia Mwalimu, nikamwomba aje na daftari ayaandike majina yote. Alikuja mikono mitupu, makusudi. Akasema nikiyaweka kwenye karatasi nitakuwa nimehama tu kutoka kishikwambi kimoja kwenda kingine. "Kaa na baba yako, Nyanzala. Ita."

Miezi minane, kila Jumamosi, alikuja na baiskeli yake isiyo na breki kunisimamia. Nikikosea, mimi mtu mzima na cheo changu, alinirudisha mwanzo kama mtoto wa darasa la kwanza, na baba akicheka hadi anafuta machozi. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko zile na baba yangu, na kidogo tu nizikose.

Sisemi tuwavue ng'ombe hereni. Wavalisheni, nitapita kukagua.

Baba tulimzika mwezi wa tatu. Asubuhi iliyofuata ng'ombe waligoma kutoka zizini; wamelala tu, wanatazama mlango wa nyumba yake. Nikasimama langoni, nikaanza kuita. Mwalimu, hili sijapata kukuambia: walinyanyuka. Walitoka wote.

Asante, Mwalimu wangu. Nenda ukapumzike. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza hadi hapa.