Alama Tano za Mtu Aliyelazwa

Ndugu wafiwa na majirani, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, mwalimu wa darasa la kwanza, familia imenituma nisome maisha yake, nami nitasoma polepole, kwa sababu nina hasira, na mwenye hasira akisoma haraka huruka mistari.

Ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1983, kitinda mimba wa watoto wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi, na jina la Betri alilipata akiwa na miaka mitano, alipofungua redio ya baba na kuifunga tena, skrubu moja ikabaki mkononi, redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo.

Alianza shule ya msingi Januari 1990, akamaliza sekondari Novemba 2002, akapata stashahada ya kompyuta tarehe 20 Juni 2006, na tarehe 1 Agosti mwaka huo akaajiriwa kutunza mitambo ya kompyuta, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye baridi ya kuvalia sweta mchana kweupe. Walianza kazi humo wanne, na tangu Machi 2022 alibaki peke yake.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na wifi yetu, mshonaji, na siku hiyo alitoka ukumbini mara mbili kupokea simu ya kazini, bibi harusi akatutania kwamba kumbe ameingia uke wenza na mashine. Walijaliwa binti mwaka 2011 na mwana mwaka 2015.

Kila tarehe 5 ya mwezi, ofisi yao hujaza dodoso la ari ya kazi, alama moja hadi tano, na miezi ishirini na sita mfululizo ndugu yetu alijipa mbili na kuandika, Naomba msaidizi mmoja, akajibiwa kwa fulana, kwa keki, na kwa cheti cha mfanyakazi mwenye ari, ambacho mwanawe amechora gari nyuma yake.

Februari 2023 aligundulika na shinikizo la damu, daktari akamwandikia mapumziko ya wiki mbili, ofisi ikamwita siku ya nne. Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa tatu asubuhi, kiharusi kilimwangusha mbele ya mitambo, akaonekana saa sita, kwa kuwa chumbani hamkuwa na mtu wa pili. Hakuzinduka, na Jumapili tarehe 9 alifariki.

Lakini tarehe 5, akiwa kitandani na mpira puani, dodoso lake lilijazwa, alama tano, nimeridhika sana. Lilijazwa na mkuu wa idara, ili idara itimize asilimia mia ya waliojaza.

Nimeshika daftari la mahudhurio miaka thelathini na mmoja, sijawahi kuandika yupo mbele ya kiti kitupu. Baba mkuu wa idara, nakuona safu ya pili, sikufokei, nakuambia kama ninavyomwambia mtoto wa darasani, futa, uandike alichosema mwenyewe, halafu mle chumbani waingie watu wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotubeba, na wafanyakazi wenzake mliotuonyesha karatasi ile mkijua mnahatarisha vibarua vyenu.

Pumzika kwa amani, Betri wetu, zamu imekwisha, na hakuna tena wa kukujibia.