Huenda ya Nyuma ya Pakiti

Mbele ya pakiti ya biskuti paliandikwa "Haina ngano". Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi: "Huenda ina chembe za ngano." Fundi cherehani, ambaye chembe moja tu ya ngano humlaza kitandani, akaguna ndani ya basi, akimgeukia jirani yake wa kiti. "Mwanangu, pakiti hii ina ndimi mbili."

Mwokaji mikate aliyeketi naye akacheka. "Afadhali hiyo inakiri, mama. Kwetu unga huruka hadi kwenye nyusi!"

Fundi akazitazama nyusi zake, akasogea kidogo. "Mjukuu wangu ndiye aliyenichagulia biskuti hizi, eti leo tule pamoja."

"Mweleze, ataelewa."

"Nimvunje moyo kwa ajili ya huenda?"

Basi likasimama. Mjukuu alikuwa kituoni, akirukaruka. "Bibi, umezionja?"

"Huenda," akajibu bibi akishuka, na mwokaji ndani ya basi akacheka hadi kioo cha dirisha kikaingia ukungu.