Goti la Avis, Sponji ya Clem Sidaway

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna chungu jikoni, punguzeni moto kidogo mkae nasi. Leo tunamkumbuka Clem Sidaway wa hapa mjini kwetu, Cradley Heath. Mfua minyororo. Mwalimu wa ngumi za mkono mtupu. Clem alifariki Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitano. Amemwacha dada yake, Olive, na binti yake wa pekee, Avis.

Avis si mtu wa maneno mengi. Alizungumza nasi jikoni kwake, ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Haya mtakayoyasikia ni yake zaidi kuliko yetu.

Clem alianza kufua minyororo akiwa na miaka kumi na mitano. Ngumi alifundishwa na babu yake, Eli, kwenye ua wa nyuma, kati ya banda la makaa na kamba ya nguo. Zilikuwa ngumi za zamani, za kabla ya glavu. Baadaye naye akafundisha, kila Jumanne jioni, katika chumba cha nyuma cha baa. Hakufundisha kwa ajili ya vikombe na mikanda. Alifundisha wauguzi, madereva wa basi, akina mama wa dukani. Watu wanaotaka kufika nyumbani salama.

Neno lake la kwanza kwa kila mwanafunzi lilikuwa hili: mkono mtupu ni kitu cha kuvunjika. Usipige paji la uso, hilo ni jiwe. Piga chembe cha moyo. Simamisha ngumi wima, kama umeshika bilauri ya bia. Mguu wa kushoto mbele. Adui akikukumbatia, mbebe kiunoni, mtupe chini, kisha nenda zako.

Sukhdev, dereva wa basi, alikuwa mwanafunzi wake kwa miaka ishirini. Siku moja ya mpira, mchana kweupe, abiria alimkaba koo. Sukhdev akampiga mara moja tu, chembe cha moyo. Jumanne akaja kusimulia.

"Alikaa chini?" Clem akauliza.

"Alikaa, mzee. Kwenye kiti cha wajawazito."

"Na nauli alilipa?"

"Alikuwa hana pumzi ya kuongea, mzee. Nikamsamehe."

"Basi nimefundisha nusu tu," Clem akasema.

Sasa, wasikilizaji, kuna jambo moja katika ngumi hizi ambalo lazima mlishike, maana ndilo habari yenyewe. Mchezo wa zamani hauna dakika tatu za kengele. Raundi inakwisha mtu akianguka. Akianguka, anapewa nusu dakika. Msaidizi wake anapiga goti moja chini, na paja la mguu wa pili linakuwa kiti. Mpiganaji anakaa hapo, anafutwa uso kwa sponji. Nusu dakika ikiisha, atembee mwenyewe hadi kwenye mstari wa katikati na kuweka mguu wa kushoto hapo. Asipofika, ameshindwa. Lakini msaidizi akiona yametosha, anaweza kuirusha sponji juu. Sponji ikiwa hewani, pambano limekwisha.

Goti la Clem lilikuwa Avis. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka ambao mama yake alifariki.

"Goti hilo litavunjika kama biskuti," wanaume wa darasani walimtania.

"Njoo ulikalie, tuone nani atavunjika," Clem aliwajibu. Avis alitazama sakafu. Lakini goti halikuvunjika. Alimpenda sana baba yake katika ile nusu dakika, anasema. Nyumbani Clem hakumgusa mtu. Pale alikaa na uzito wake wote.

Mwaka 1981 alikuja Abel Totney wa Netherton, mji jirani. Alisema mbele ya watu kwamba Clem anafundisha densi ya wazee. Clem alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Angeweza kucheka. Hakucheka. Walikubaliana Jumapili asubuhi, kiwanjani kando ya mfereji, kwa sheria za zamani.

Asubuhi hiyo Avis alimpikia mbaazi na nyama ya nguruwe. Clem aliloweka mikono katika maji ya chumvi ili ngozi ikakamae, kama alivyofanya wiki tatu mfululizo. Akasema bila kumtazama, "Ukiirusha hiyo sponji, usiniite baba tena."

"Sawa, baba," Avis akasema.

Raundi ya tisa, Clem alimpiga Abel kwenye paji la uso. Yeye mwenyewe, mwenye kukataza. Mkono wa kulia ukavunjika. Toka hapo alipigana na mkono mmoja. Raundi ya kumi na mbili, jicho la kushoto lilivimba likafumba. Raundi ya kumi na tano, alipokaa kwenye goti, alimwuliza Avis mstari uko wapi.

Avis alikuwa na sponji mkononi. Alimgeuza uso kuelekea mstarini. Hakuirusha.

Clem aliinuka mara kumi na nane. Mara ya kumi na tisa miguu ilikataa, na nusu dakika ikaisha akiwa bado juu ya goti la binti yake. Jicho la kushoto halikuona tena.

Hakulizungumzia pambano hilo kamwe. Lakini Jumanne iliyofuata alikuja darasani, mkono umefungwa plasta, akaongeza somo jipya. Alisema, "Mpiganaji kazi yake ni kuinuka. Hana kazi nyingine, na akili hana. Mwenye goti kazi yake ni kuona. Ukiona, rusha. Usimwulize, atakudanganya."

Aliyasema hayo kila mwaka, kwa kila mwanafunzi. Na kila mwaka Avis alikuwa kwenye kona, anasikiliza. Alijiuliza: ananilaumu? Au anakubali kwamba kosa lilikuwa lake? Nyumbani walikula, wakaosha vyombo, wakalala. Hakumwuliza.

Olive, dada yake Clem, alituambia hivi: "Kaka yangu hakuwahi kusema asante hata kwa mkate. Samahani ndiyo kabisa. Avis alikuwa anasubiri basi ambalo haliji."

Mwezi uliopita Clem alipata kiharusi. Ulimi ulikufa. Mkono wa kulia, ule ule, ulikufa. Chakula kikaingia njia ya hewa, kifua kikaziba. Mara mbili walimweka kwenye mashine ya kupumua, na mara mbili akatoka. Wauguzi walimsifu. Avis alisimama pembeni, anahesabu: mara ya kwanza, mara ya pili.

Jumatano daktari alimwita kwenye chumba kidogo chenye sanduku la karatasi za kufutia machozi.

"Kifua kimeanza kuziba tena," daktari akasema. "Tukimrudisha kwenye mashine, sidhani kama atatoka. Tukiacha, tutahakikisha haumii. Uamuzi si mzigo wako peke yako, Bi Sidaway. Lakini wewe ndiye unayemjua. Yeye angetaka nini?"

"Alisema mambo mawili," Avis akajibu.

"Yapi?"

Avis aliinuka. Angeanzia wapi? Angeanza na mbaazi za Jumapili ile? Alirudi kitandani. Aliushika mkono wa kushoto, ule mzima, akauliza, "Baba, niache au niendelee?" Jicho moja lilimtazama. Avis akasema, finya mara moja kama unataka niendelee. Clem alifinya. Akasema, finya tena kama hutaki. Clem alifinya tena. Alikuwa anafinya tu.

Akarudi kwa daktari. "Yametosha," akasema. Neno moja tu.

Usiku kucha walimpa dawa ya kutuliza. Asubuhi muuguzi alimwonyesha Avis namna ya kulowesha midomo ya baba yake kwa kipande cha sponji kwenye kijiti. Alikuwa anafanya hivyo, saa tatu kasoro kidogo, aliposikia shuka likisogea. Mguu wa kushoto wa Clem ulikuwa unatembea. Polepole, kisigino kinavuta shuka, kidole gumba kinatafuta mbele.

"Anainuka," Avis akasema.

"Hapana, mama," muuguzi akajibu. "Miguu hufanya hivyo mwishoni. Si yeye."

"Mguu huo mimi naujua."

"Najua unaujua."

Avis aliweka kiganja chini ya unyayo wake, ili mguu upate kitu cha kukanyaga. Ukakanyaga. Ukatulia. Clem alifariki hapo.

Tulimwuliza Avis anaamini nini, kwamba ule ulikuwa mguu tu, au alikuwa Clem. Alitazama kikombe chake. "Sijui," akasema. "Jumanne nilikwenda darasani. Sukhdev alichora mstari wa chaki, halafu hakuna aliyejua la kufanya. Nikapiga goti kwenye kona yangu. Nikahesabu thelathini. Sijui nilikuwa namsubiri nani."

Kwa Avis, kwa Bibi Olive, kwa wanafunzi wote wa chumba cha nyuma, pokeeni pole zetu, na za kila nyumba inayosikiliza sasa. Mazishi ni Ijumaa, saa nne asubuhi.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, fikirini kidogo juu ya yule ambaye sponji yake iko mkononi mwenu. Mwulizeni leo, akiwa na ulimi. Avis ndiye aliyetuomba tuwaambie hivyo. Miaka arobaini na minne walikula meza moja, na Avis alimpitishia baba yake chumvi, swali hakumpitishia.