Nashon Ofwono, Mwalimu wa Mashua za Watoto (1917–1968)

Ngo, ngo, ngo. Ni kidole kilichokunjwa kikigonga mbao za mashua iliyopinduka, kisha sauti ya mtu mzima majini: "Hodi!" Kutoka chini, gizani, mtoto alijibu: "Karibu!" Hapo Mzee Nashon alicheka, akaiinua mashua, na mtoto akatoka na macho mekundu, akitaka apinduliwe tena.

Marehemu Nashon Ofwono alizaliwa Osukuru, Tororo, mwezi wa Agosti 1917, mtoto wa pili wa Mzee Ogwang na Mama Apendi. Kwao ni vilimani. Maji makubwa aliyoyajua utotoni yalikuwa ya mvua. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1931 baba yake alipofariki, akajifunza useremala.

Mwaka 1946 alifunga ndoa kanisani na Truphena Nanjala wa Busia, upande wa Kenya. Wakwe waliuliza mtu wa milimani atamlishaje binti yao samaki. Akajibu, "Nitajifunza kuvua." Hakujifunza kamwe. Alijifunza tanga.

Mwaka 1949 aliajiriwa kuwa fundi wa klabu ya mashua za tanga huko Majanji, ambako wazungu wa Tororo walishuka ziwani kila Jumamosi na watoto wao. Zilikuwa mashua fupi, futi nane, za mtoto mmoja au wawili. Alizitengeneza hadi akazijua, na kuanzia 1953 akaachiwa watoto awafundishe. Somo lake la kwanza halikuwa usukani wala kamba ya tanga. Alimpindua mtoto. Alimwambia abaki chini ya mashua iliyojifunika, panapobaki hewa, ashike kiti, angoje hodi. Watoto thelathini na sita wa klabu walipita mikononi mwake. Wote aliwapindua. Wote walirudi kwao wazima.

Baada ya Uhuru, klabu ilikubali watoto wa ufukweni nao washindane. Marehemu aliunda mashua tatu kwa mbao zake mwenyewe, akakusanya watoto wanane, mdogo wao akiwa bintiye Loy Athieno, aliyezaliwa 1955. Alitaka jambo moja tu: watoto wetu wazunguke boya lile lile, kwa upepo ule ule.

Alianza kuwapindua wakubwa wawili, wana wa Mama Benedeta, Jumamosi nne mfululizo. Lakini ufukweni pale, mtoto aliyezama akaibuka haingii ndani kabla kuku hajachinjwa mlangoni. Mama Benedeta akamjia mikono kiunoni.

"Nashon, kuku yangu imebaki moja. Jumamosi ingine nichinje mzee wa nyumba?"

"Mama, watoto hawakuzama. Walioga."

"Kuoga na nguo? Na kuita jina yangu?"

Watu walicheka. Jumapili tarehe 7 Juni 1964, baada ya ibada, hawakucheka. Walimwita, na mkuu wa wavuvi, Mzee Ikiring, akasema: "Kuanguka kila mtu najua. Sisi nataka ufundishe kushinda." Wazazi wakaapa kuwatoa watoto wote. Marehemu akakubali kutompindua mtoto yeyote. Truphena alimsihi amfundishe Loy kwa siri. Akajibu, "Mtoto wangu ajue kitu ambacho wa mwenzangu hakijui? Nitawatazamaje?"

Jumamosi tarehe 5 Desemba 1964, Loy aliongoza mashindano hadi boya la pili. Upepo ukageuka, mashua ikapinduka. Hakujua kwamba alipaswa kubaki ndani na kungoja. Alijitupa chini kuutafuta mwanga, kamba ikamshika mguu. Baba yake aliogelea hadi pale, akagonga, akaita hodi. Akagonga tena.

Wale wale waliomkataza walisema amemuuza mtoto wake kwa wazungu. Klabu ikamwachisha kazi kwa barua, ikimlaumu kwa kuacha kufundisha kama alivyofundisha watoto wao. Wengi waliokuwa kwenye kikao kile cha baada ya ibada wako hapa leo, wameketi viti vya mbele. Karibuni. Chakula kinaiva.

Alirudi Osukuru Januari 1965, akaunda milango na vitanda. Ugonjwa wa kifua ulimwanza mwaka uliofuata, ukamlaza hospitalini mara tatu. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Februari 1968, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Ameacha mjane, Truphena Nanjala, watoto wawili, Laban na Edah, wajukuu wawili, na dada yake, Amulen. Loy alimtangulia.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukumpa. Jumanne, siku moja kabla ya kufariki, mchungaji alimshika mkono akamfariji kwamba kifo cha Loy kilikuwa mapenzi ya Mungu. Marehemu alijibu kwa sauti ndogo mno, hata Truphena akalazimika kuinama ili asikie:

"Usimsingizie Mungu. Nilikubali mimi."