Koili ya Mzee Yotamu na Saa ya Mzee Salehe

Laki tatu na nusu hatulipi. Jana hapa turubaini, ilipoulizwa kama yupo anayemdai marehemu, Mzee Salehe wa duka la vitambaa alisimama, akasema bila kupepesa macho kwamba rafiki yake Yotamu ameondoka na deni la shilingi laki tatu na nusu, thamani ya sindano ya santuri aliyoiua mwaka 2019, na kwamba yeye kwa ubinadamu wake anasamehe. Ndugu waombolezaji, deni la uongo halisamehewi, linakanushwa, na ndiyo maana historia hii, inayosomwa na Beatrice, binti yake wa kwanza, kwa niaba ya familia, haikupelekwa kwenye kamati ya mazishi ikalainishwe.

Mzee Yotamu Mwaisumbe alizaliwa tarehe 12 Agosti 1957 kijijini Ikombe, mtoto wa nne wa mama mfinyanzi, ambaye hakuuza chungu bila kukigonga kwa kidole na kutega sikio, na kikilia vibaya alikivunja palepale, hata kama mnunuzi ameshakipenda. Huko ndiko marehemu alikopata masikio, na ubishi pia.

Alisoma shule ya msingi Matema kuanzia 1965 hadi 1971, akaishia darasa la saba. Ufundi hakufundishwa na mtu, aliupata kwa kufungua redio mbovu pale Ipinda, nyingine zikapona, nyingine zikamfia mikononi, na zilizomfia alizilipa. Mwaka 1983 alifungua kibanda chake Kyela mjini, akatengeneza redio, deki za kaseti, gramafoni na spika, lakini kilichompa jina ni kutoa sumaku. Alikuwa akieleza kwamba vyuma vya ndani, kama hedi inayosoma kaseti na baadhi ya sindano za santuri, hunasa usumaku kidogo kidogo, sauti ikawa na ukungu, ile milio ya juu ikapotea. Basi alisuka koili kwa waya wa transfoma iliyokufa, akaichomeka kwenye umeme, na kila kazi ilianza kwa kuvua saa yake na kuitundika kwenye msumari mlangoni, kisha anaisogeza koili, anaizungusha, anarudi nayo nyuma polepole mpaka yuko mbali, ndipo anazima, kwa sababu ikizimwa karibu inaacha sumaku mbaya kuliko ile iliyofuatwa. Watu walimcheka, "Yotamu, redio nayo unaifukizia ubani?" Naye akawajibu, "Kaa usikilize, isipobadilika ondoka na hela yako." Na wapo walioondoka nazo, kwa sababu yeye mwenyewe hakusikia tofauti, akasema hivyo.

Tarehe 4 Oktoba 1986 alifunga ndoa na Kisa, binti kutoka Busale, ndoa ambayo nusura isifungwe, maana alimtengenezea mkwe redio kisha akamwambia usoni kwamba redio hiyo ikiharibika tena aitupe. Walijaliwa watoto watatu, Beatrice, Ambrose na Godwin, na wajukuu watano.

Juni 2019 Mzee Salehe, rafiki wa miaka thelathini, alileta gramafoni na santuri za taarabu za marehemu baba yake, akilalamika kwamba sauti imefifia. Mzee Yotamu alisafisha kila kitu, ila koili akakataa kuisogeza kwenye sindano, kwa kuwa aina ile imebeba kisumaku chake chenyewe, na ndicho kinachotoa sauti. "Nikikiua hiki, umebaki na msumari," alimwambia. Mzee Salehe akamjibu, "Bwana wee, sema umechoka kazi." Marehemu akatoka kwenda kula, akamwacha Mzee Salehe kibandani. Aliporudi alikuta koili ina joto, na santuri inaimba kama mtu aliyefungiwa ndani ya mtungi. Kabla jua halijazama soko zima lilikuwa limeshaambiwa kwamba Yotamu ameua sindano ya laki tatu na nusu.

Sasa sikilizeni. Wiki hiyohiyo saa ya Mzee Salehe, ile ya kutia ufunguo, ambayo haikuwahi kukosea, ilianza kukimbia, akawa anafunga duka jua bado kali, bodaboda wakimpigia kelele, "Mzee Salehe, kwako kumeshakuwa kesho?" Mzee Yotamu akamfuata sokoni, akasema mbele za watu, "Saa ikinasa sumaku hukimbia, nayo itanasaje kama mwenye nayo hakushika koili akaizima karibu na mkono wake? Ilete, nitaitoa sumaku bure, isipokwenda sawa nalipa laki tatu na nusu leo hii." Haikuletwa. Wateja wakapungua, hata kanisa lake mwenyewe likapeleka spika kwa fundi mwingine.

Aliugua kisukari tangu 2021, figo zikafuata Novemba 2024, akalazwa hapa wilayani na baadaye Mbeya. Akiwa kitandani sisi watoto tulitaka kulipa yaishe, akatutolea macho, akasema, "Mkilipa, mmesema ni kweli." Hatukulipa. Alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuuvumilia ulimi wake, majirani waliopika na kukesha, akina mama wa Ikombe waliokuja na vyungu, mafundi wenzake waliofunga spika hizi mnazozisikia, ambazo zote zilipita mikononi mwake. Ndaga fijo, asanteni sana.

Baba, lala kwa amani, mikono yako ni safi.

Aliyemdai marehemu ameshajibiwa, sasa marehemu naye anadai. Koili yake iko hapa mezani, Ambrose ameshaichomeka, na saa ile tunaiona kutoka hapa. Mzee Salehe, ivue, uilete mbele.