Erasto Kamanzi na Kikao Kilichomsubirisha

Erasto Kamanzi alizaliwa Kayanga, wilayani Karagwe, Tanzania, tarehe 4 Juni 1962, mtoto wa pili wa wazazi wakimbizi kutoka Rwanda. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha ufundi wa umeme mjini Bukoba, akahitimu mwaka 1983.

Mwaka 1995 alihamia Kigali na kufungua karakana ya umeme mtaa wa Niboye. Hakuondoka nyumbani kwa mteja kabla mwenye nyumba hajawasha na kuzima kila taa kwa mkono wake. Bibi mmoja wa mtaa wa Batsinda alipomwambia, "Mwanangu, nakuamini, nenda tu," alimjibu, "Mama, usiniamini. Bonyeza."

Tarehe 13 Desemba 1997 alimuoa Winifred. Msemaji wa familia siku ya posa alikuwa kaka wa Erasto, Johnson, ambaye hakuiacha kazi hiyo tena.

Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa nne usiku, Erasto alilala akiwa mzima. Saa kumi na mbili asubuhi aliamka mkono wa kulia haumtii, maneno hayatoki. Saa moja na nusu alikuwa hospitalini. Picha zilionyesha bonge la damu limeziba mshipa mkubwa wa kichwani, lakini sehemu kubwa ya ubongo ilikuwa bado hai. Daktari Alida alieleza kwamba bonge lingeweza kuvutwa nje kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa pajani. Kwa mtu aliyeamka na kiharusi, alisema, picha ndizo huamua kama muda umepita, na muda ulikuwa haujapita. Winifred alichukua kalamu asaini.

Johnson aliiondoa mkononi mwake. "Mama Kirezi, tulia. Huyu ni mtu wa ukoo."

"Shemeji, mimi ndiye nimeamka naye."

"Ndiyo maana umechanganyikiwa. Keti."

Winifred, aliyezoeshwa miaka ishirini na saba kutobishana na shemeji, aliketi. Kikao kiliitishwa palepale kwenye korido: watu tisa, wengine wawili kwa simu. Binamu Keith, anayeuza matairi Kampala, alitoa maoni ya kitabibu. "Ameamka na kiharusi, basi hicho ni cha jana. Mnakimbilia nini?" Ilijadiliwa kwa kirefu nani amwarifu shangazi wa Karagwe. Daktari alikuja mara tatu kusema kwamba ubongo unakufa. Mara ya tatu Johnson alimjibu, "Daktari, hata posa hatuijibu siku hiyohiyo."

Saa saba mchana kikao kiliridhia kwa kauli moja. Picha mpya zilionyesha kwamba hapakuwa tena na cha kuokoa. Erasto alifariki Alhamisi, tarehe 13 Machi.

Johnson ameomba habari za kikao ziondolewe kwenye wasifu huu kwa kuwa zinauaibisha ukoo. Zinauaibisha. Winifred alipoulizwa, hakuomba muda wa kufikiri. "Zisomwe," alisema.

Marehemu ameacha mjane, Winifred. Watoto wawili, Kirezi na Kenny. Na kaka mmoja, Johnson.

Pumzika, Erasto. Umetusubiri vya kutosha.