Mama Nukta na Hadithi za Kurasa Pungufu

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliotoka makazini kuja kutushika mkono, historia hii anayoisoma mdogo wa marehemu iliandikwa jana mchana na familia nzima, kwenye meza ya chakula, kwa kubishana kwingi na kufuta kwingi, na kama marehemu mwenyewe angekuwepo angetunyang'anya kalamu, akaisahihisha yote, kisha akatuuliza ni nani aliyetufundisha kuandika, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Nukta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya ghala, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa mizigo na mkewe mshonaji. Nyumba ile ilikuwa na kitabu kimoja tu, nacho kilikuwa cha kanuni za kusafirisha mizigo, lakini baba yake hakuwa mtu wa kukosa la kufanya, basi kila jioni aliketi ukingoni mwa kitanda na kumsomea binti yake kanuni hizo kwa sauti nzito kama anahutubia taifa, na marehemu alipenda kusimulia kwamba hakuwahi kukivuka kifungu cha vyombo vya kioo akiwa macho.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akajiunga na sekondari ya wasichana mwaka 1967 na kumaliza 1970, akisifika kwa mwandiko mzuri na kwa kucheka darasani, jambo ambalo lilimfanya afagie uwanja wa shule mara nyingi kuliko mwenzake yeyote. Baadaye alichukua mafunzo ya uchapaji kwa miaka miwili, na tarehe 2 Januari 1973 akaajiriwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu, chumba cha wasahihishaji, ghorofani juu ya mitambo, mahali ambapo meza zilitetemeka kutwa na chai ilinywewa haraka kabla haijamwagika yenyewe. Jina la Mama Nukta alipewa huko huko na mafundi wa mitambo, kwa hasira, siku aliposhuka ngazi na kuusimamisha mtambo mkubwa kwa sababu ya nukta moja iliyosahaulika, na hasira zilipoisha jina likabaki.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kiwandani kuziba sinki linalovuja, akaliziba vizuri kabisa, kisha akaendelea kuja wiki baada ya wiki kulikagua sinki ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mungu akawajalia watoto watatu, kifungua mimba wa kike mwaka 1978, wa kati wa kiume mwaka 1981, na kitinda mimba, ambaye hata leo akiwa na ndevu zake sisi tunamwita Kitinda, mwaka 1986.

Sasa, hapa inabidi tueleze jambo la kiwandani. Karatasi moja kubwa ilikuwa inabeba kurasa kumi na sita, na zile zilizotoka zimepinda au zina madoa ya wino ziliwekwa kando, wafanyakazi wakaruhusiwa kwenda nazo nyumbani kufungia vitu, lakini Mama Nukta alichagua zenye hadithi, akazikunja, akazikata na kuzishona kwa uzi wa mama yake, zikawa vitabu. Tatizo ni kwamba alipata zile zilizoharibika tu, kwa hiyo kila kitabu kilikuwa na pengo, wasafiri wanafika mtoni, unafungua ukurasa, wako harusini. Akiwasomea watoto kabla ya kulala, alipofika kwenye pengo alikuwa akiinua kichwa na kumuuliza mumewe, aliyejinyoosha sakafuni kupumzisha mgongo, "Baba, hapa katikati kulitokea nini?" na mumewe, bila hata kufumbua macho, alijibu kwamba bomba la jumba la mfalme lilipasuka, maji yakafika magotini, ikabidi aitwe fundi.

Siku zote ilikuwa bomba. Watoto wakakua wakiamini kwamba hakuna hadithi duniani isiyo na fundi bomba, na wa kati, akiwa darasa la kwanza, alisimama mbele ya wenzake akasimulia jinsi simba alivyookolewa na fundi bomba, akaapa kwamba imeandikwa, mwalimu akamwita mwongo na kuita mzazi. Baba akaenda na nguo zake za kazi, akasikiliza kwa adabu, kisha akamweleza mwalimu kwamba kurasa hizo zipo, ila zilikuwa safi mno kufika nyumbani kwake.

Tarehe 19 Oktoba 1988 baba huyo alifariki kazini, baada ya kuta za mtaro aliokuwa akilaza mabomba ndani yake kuporomoka, Kitinda akiwa na miaka miwili tu. Mama Nukta akaomba zamu ya jioni, iliyokuwa na posho, vile vitabu vikafungwa kamba na kuwekwa juu ya kabati, na kazi ya kumlaza Kitinda ikaangukia mikononi mwa kifungua mimba, mtoto wa miaka kumi, ambaye njia yake ya kubembeleza ilikuwa kusema, "Lala, la sivyo nitakufinya," naye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Ndiyo maana familia ilipokutana, na wale wakubwa wawili walipoanza mambo yao ya mfalme na maji ya magotini, wakicheka mpaka wanashika mbavu, Kitinda alikuwa anainuka taratibu na kutoka nje, eti anaangalia kama geti limefungwa.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2012 baada ya kusahihisha vitabu ambavyo wengi wenu mlivisoma shuleni bila kujua. Tarehe 12 Desemba 2015 Kitinda alioa, na ukumbini kifungua mimba akachukua kipaza sauti na kusimulia habari za fundi bomba, watu wakavunjika mbavu, bwana harusi naye akasema kwa kutabasamu, "Hayo ni ya kwenu ninyi, mimi nilichelewa kuzaliwa." Ukumbi mzima ulidhani ni utani. Mama yake hakucheka, na kesho yake asubuhi, akiosha vyombo na mdogo wake, huyu anayewasomea, alisema, "Huyu mtoto kuna kitu nilimnyima, na sijui kinarudishwaje," akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Mwezi Mei 2021 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, vipimo vikaonyesha kwamba moyo umechoka na hausukumi damu inavyotakiwa, akawa mtu wa kliniki, wa vidonge na wa kukatazwa chumvi, amri ambayo aliipinga hadharani na kuivunja kwa siri. Mwaka uliofuata Kitinda, ambaye ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, alimhamishia nyumbani kwake, na hali ilipozidi, mwezi Juni 2023, akaweka godoro sakafuni kando ya kitanda cha mama yake ili akimhitaji amsikie.

Jioni moja akiwa amejilaza pale anachezea simu, mama akamwambia, "Zima hicho kitu, nikusomee." Kitinda akacheka, akasema, "Mama, mimi mtu mzima, nina mke," naye akajibu, "Mkeo aliwahi kukusomea?" na simu ikazimwa. Kumbe mama alikuwa amemtuma mkwewe avitafute vile vitabu, na ndivyo alivyoanza kusoma, sentensi moja, pumzi, sentensi nyingine, pumzi, miwani ikimteleza, mwanawe akitazama dari kwa aibu na huku masikio yamesimama.

Wakafika kwenye pengo. Msafiri alikuwa nje ya lango la mfalme, na ukurasa uliofuata alikuwa tayari mezani anakula, mama akashusha kitabu, akamtazama Kitinda, maana aliyezoea kuulizwa hayupo tena. Kitinda akakohoa, akasema bila kufikiri kwamba lango lilikuwa limekatika bawaba, kwa hiyo likagoma kufunguka, na msafiri kwa bahati alikuwa na mashine yake ya kuchomelea. Mama Nukta alicheka mpaka mkwe akaja mbio akidhani ameanza kuzidiwa, kisha akalia, akamwambia Kitinda, ambaye hana kumbukumbu hata ya sauti ya baba yake, "Ni yeye mtupu. Ujeuri ule ule."

Ikawa ndiyo desturi yao kila jioni. Tarehe 3 Septemba alianza hadithi mpya, na Kitinda, aliyekuwa ameshinda juani akichomelea paa la ghala, alisinzia kabla hata pengo halijafika, akaja kuzinduka alfajiri ya tarehe 4 na kukuta mama yake ameshatutoka, kimya kimya, na yeye mwenyewe pale chini amefunikwa blanketi ambalo usiku ule lilikuwa kitandani kwa mama.

Kitinda alilia sana, akarudia kusema kwamba alilala, mama anamsomea na yeye akalala, hata mwisho hakuusikia, mpaka kifungua mimba, yule wa kufinya, ambaye siku hizi ni muuguzi, akakaa naye chini kwenye godoro, akamshika mkono na kumwambia, "Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia mwisho, mdogo wangu. Tulikuwa tunalala."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya moyo, waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa akisahihisha maelezo ya dawa ukutani, majirani waliolala sebuleni nasi bila kuombwa, mkwe aliyemwogesha na kumlisha kama mama yake mzazi, na wenzake wa kiwandani, hasa mafundi wa mitambo, waliokuja wote, hata wale aliowasimamishia mtambo. Marehemu ameacha watoto watatu na wajukuu watano.

Kitinda alitakiwa naye asimame hapa aseme machache, lakini asubuhi ya leo amesema hataweza, akaomba tu kwamba kwenye historia ya mama yake, mbele yenu wote, iandikwe na isomwe kwa sauti kwamba na yeye alisomewa. Alisomewa, ndugu zetu. Mama Nukta, umemaliza, sasa pumzika.